Koti la Kaka na Muuaji Wangu

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, jeneza la kaka yangu lilipokuwa tayari kutoka nyumbani kwake Mikumi, mtani wetu alijilaza mlangoni akiwa amevaa koti la marehemu. Lilikuwa lile koti la kaki alilolivaa kaka miaka yake yote ya kuendesha lori, pamoja na kofia yake ya sufu. Wabebaji wakasimama. Mchungaji akatazama saa, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kuzika kwetu Vidunda na barabara ya kupanda kule inajulikana. Kisha akatafuta pa kukaa. Naye anajua utaratibu: mtani akilala mlangoni, marehemu hatoki mpaka wamalizane.

Kwa kawaida mtani hudai fedha. Huyu alidai fedha na kitu kingine, na hicho kingine nilikuwa nadaiwa mimi.

Tangu kaka alipoanza kuugua, kila Jumamosi nilikuwa nafunga kibanda changu cha kutengeneza redio pale Magomeni, Kilosa, naenda Mikumi kumsomea hadithi niliyokuwa naiandika. Ni hadithi ya Mikumi ya miaka mia moja ijayo. Miili imekuwa ghali, hivyo watu wanapanga mwili mmoja kwa zamu, kama vyumba. Katika mwili ninaousimulia, mchana anakaa mzee mstaafu na usiku anakaa kijana. Siku moja mashine ya kubadilisha zamu inaonyesha kwamba ndani imebaki nafsi moja tu, lakini mwili unaendelea kuitika majina yote mawili na kusisitiza kwamba wote wawili ni wazima. Ni wazi kwamba mmoja amemuua mwenzake. Yupi? Alama za vidole hazisaidii, maana vidole ni vilevile.

Kaka aliipenda, ingawa hakuwahi kulisema hilo. Alikuwa ananikatisha kila ukurasa. Aliuliza mzee akila ugali mchana, shibe ni ya nani usiku. Aliuliza kodi ya mwili inalipwa kwa mwezi au kwa miezi sita, na mwenye mwili akitaka kuupaka rangi anaomba ruhusa kwa nani. Alipoanza kuuliza mke ni wa zamu ipi, shemeji yangu alimwambia anyamaze asikilize. Mtani, ambaye alikuwa jirani yake, alizoea kuja kukaa nasi, na wote wawili walikubaliana kwamba muuaji ni fundi wa ile mashine. Mafundi wote, kaka alisema akinitazama mimi, ni watu wa kuangaliwa.

Tatizo ni kwamba mimi mwenyewe sikumjua muuaji. Niliweka askari kwenye hadithi, nikajaribu kumkamata muuaji kwa mwandiko, kwa kumbukumbu, kwa mapigo ya moyo. Kila njia ilishindikana, kwa sababu aliyebaki alikuwa na kumbukumbu zote za mwenzake na alizisoma vizuri. Jumamosi ya mwisho niliomba wiki moja zaidi. Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Sawa," alisema, "lakini usinizike kabla hujanitajia." Mtani alikuwepo na alisikia. Kaka alifariki Jumatatu.

Sasa mtani alikuwa ananitazama kutoka sakafuni, na sauti aliyotoa ilikuwa ya kaka kabisa, pamoja na kile kikohozi.

"Mdogo wangu. Siku hizi kaka haamkiwi?"

Mimi ni mkubwa kwa mtani. Kila siku yeye ndiye huniamkia. Nilisimama pale nikilitazama koti, na watu wote wakinitazama.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba. Haya, nitajie."

Nikamwambia bado natafuta. Akajibu kwamba basi na yeye bado hajafa vizuri. Hawezi kwenda huko na hadithi nusu, watamuuliza iliishaje. Akanipiga faini ya shilingi elfu hamsini kwa kosa la kumpakia abiria na kumshusha njiani. Akajifunika kofia usoni kama mtu anayelala. Nilijua kwamba fedha ningezipata kwa kuchangiwa. Jibu halikuwa la kuchangiwa, na kaka alikuwa anakwenda kuzikwa bila hilo.

Wakati huo akafika mama muuza maandazi wa stendi. Ni mdogo kwa kaka na alikuwa akimwamkia miaka yote. Kwa mtani ni sawa na mama yake mdogo. Alikuwa amechelewa, akataka kupita aende kukaa na wafiwa. Mtani akasikia miguu, akanyanyua kofia, akavuta magoti kumpisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu, kisha akaliona koti. "Kumbe wewe."

Kicheko kilianzia kwa wabebaji, ikabidi waliteremshe jeneza juu ya meza. Shemeji yangu, ambaye tangu Jumatatu hakuwa amesema neno la maana, alisema kutoka kwenye mkeka: "Baba watoto hakuwahi kumwamkia huyu hata siku moja. Huyu ndiye alikuwa anamwamkia yeye." Naye akacheka, akajifuta macho kwa khanga.

Nilimruka mtani, nikaenda kwa kaka, yule wa mezani.

"Kaka," nikasema, "aliyeuawa ni mzee. Aliyebaki ni kijana. Mchana, zamu ya mzee, askari atampitisha mbele yake mama mmoja aliye mdogo kwa mzee na mkubwa kwa kijana. Kumbukumbu za mzee anazo zote, lakini mdomo utaamkia kabla hajakumbuka yeye ni nani."

Mtani aliinuka, akakung'uta koti. "Mimi nilikwambia ni fundi," akasema, bado kwa sauti ya kaka. Kisha akalivua, akamkabidhi shemeji, na kwa sauti yake mwenyewe akaniamkia. Nikaitikia.

Njiani kwenda Vidunda tulimalizana. Alikubali kwamba mtu aliyekamatwa ndani ya mwili wa mwenzake hawezi kutoza faini kamili, ila alidai nusu ya kazi ya hadithi ni yake, na sikuwa na hoja ya kumpinga. Nilimpa elfu tatu. Niliokoa shilingi elfu arobaini na saba.