Nilimenya rangi ya rimu za alumini uani kwangu Tarime, nikaishia kuifukuza gari yangu mwenyewe kwa bodaboda

Wakuu, heshima zenu.

Hiki ninachoandika kimenikuta mimi mwenyewe, si cha kusimuliwa. Sitaongeza chumvi, maana kilivyo kinatosha. Na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga.

Naishi hapa Bomani, Tarime mjini. Nina gari ndogo ya familia, station wagon ya zamani. Mwaka jana niliifunga rimu za alumini, zile sport, za mtumba. Nilizichukua kwa jamaa mmoja upande wa Sirari. Zilikuwa nyeusi tii, zinang'aa.

Jamaa aliniambia, "Hizi zote nne zimetoka gari moja, bro. Usikuwe na wasiwasi."

Nikazifunga, nikawa natembea kifua mbele.

Mvua na vumbi la huku havikunionea huruma. Rangi ikaanza kubanduka, chini yake yakatokea madoa meupe kama chumvi. Gari ikawa kama ina ukurutu. Nikaamua nizimenye mwenyewe mpaka ibaki alumini tupu, kisha nizipige polish.

Kwa asiyeijua hii kazi: unapaka dawa ya kutoa rangi kwa brashi, unafunika na nailoni isikauke, unasubiri rangi ivimbe na kukunjamana kama utando wa maziwa. Unakwangua na kitu cha plastiki au kipande cha mti, si bisibisi, utachora alumini. Unaosha na sabuni. Halafu msasa wa maji, unaanza na ule mkali unashuka mpaka laini kabisa, ndipo polish na kitambaa cha pamba.

Fanya nje, penye hewa. Vaa gloves na mask. Ile dawa ikikugusa inawasha kama pilipili, na harufu yake inapanda kichwani.

Kuna mtu alinishauri nitumie caustic soda ya kutengenezea sabuni, eti ndiyo inamenya haraka. Msijaribu. Ile inakula alumini yenyewe, inachemka na kutoa gesi inayoshika moto.

Turudi kwenye mada.

Nilipanga kufanya rimu moja moja ili gari isilale juu ya mawe. Ijumaa nikatoa gurudumu la nyuma kulia, nikafunga spea. Fundi pancha wa jirani akanitolea tairi kwenye rimu. Jioni nikamenya upande wa mbele, ule unaoonekana. Ikatoka safi mpaka nikamwita mke wangu aje aone.

Jumamosi asubuhi familia ikaondoka kwenda Mugumu. Mtoto wa mama mdogo alikuwa na kipaimara Jumapili. Mdogo wangu Mwita ndiye aliyeendesha. Mama akakaa mbele. Mke wangu Achieng akakaa nyuma na binti yetu, bado ananyonya. Mimi nilikuwa na zamu kazini mchana, nikabaki.

Nikarudi uani kwenye rimu yangu.

Upande wa ndani wa rimu, ule unaotazama breki, sikuwa na mpango nao. Nani atauona? Lakini dawa ilikuwa imebaki kwenye kopo, na ikishafunguliwa haikai. Nikasema ngoja niimalizie huko.

Rangi ikavimba vizuri, isipokuwa sehemu moja. Pale palibaki pagumu, rangi ya kijivu. Nikakwangua, ukaanza kutoka unga.

Nikajua hii si alumini. Ni putty, ile mafundi wa bodi wanayozibia mabonde ya gari.

Putty kwenye rimu inafanya nini?

Nikaendelea kukwangua. Chini yake nikakuta mshono wa kuchomelea, mnene, umesagwa na grinder ulingane na rimu. Kando ya mshono kulikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nikavua glove moja, nikapitisha ukucha. Ukanasa.

Ufa.

Nilikaa chini pale pale kwenye maji ya sabuni. Sikuwa naiwaza tena ile rimu. Nilikuwa naziwaza zile tatu. Zote zimetoka gari moja, alivyosema. Gari iliyoingia shimo gani, au iliyogonga nini, mpaka rimu ikachomelewa na kufichwa hivi?

Na zile tatu zilikuwa barabarani, zimembeba mama yangu, mke wangu, mtoto wangu na mdogo wangu. Wanaoijua njia ya kwenda Mugumu kupitia Nyamongo wanajua kuna kushuka mpaka Mto Mara. Rimu ikifunguka kwenye mteremko, tairi inaisha upepo mara moja. Dereva hana cha kufanya.

Nikampigia Mwita. Hapatikani.

Nikampigia Achieng. Inaita mpaka inakata. Baadaye nilikuja kujua simu ilikuwa kwenye begi, na begi liko kwenye buti.

Nikampigia mama. Akapokea.

"Shikamoo mama."

Msinicheke. Nimelelewa hivyo, hata nyumba ikiungua unaanza na shikamoo.

"Marahaba baba. Umekunywa chai?"

"Mama, simameni. Simameni hapo hapo mlipo."

"Eeh, tutawasalimia."

"Mama, sijasema..."

Ikakata. Nikapiga tena, hapatikani. Mimi nimesema simameni, yeye kasikia salimieni. Kiswahili cha mama ni cha sokoni, na gari ilikuwa inapiga kelele. Kwetu ndani tunaongea Kiswahili kwa sababu Achieng ni Mjaluo wa Rorya, Kikurya hajui. Nimezoea hivyo mpaka hata na mama naongea Kiswahili bila kufikiri.

Nje ya geti alikuwepo jirani yangu Marwa, ni bodaboda, anafuta pikipiki yake. Nikatoka vile vile, mask shingoni, glove mkono mmoja.

"Marwa, gari yangu imeenda Mugumu. Rimu zina ufa. Mama yumo."

Hakuuliza swali. Akatupa kitambaa, akasema, "Panda."

Nilikuwa na tumaini moja. Walipanga kupita Nyamwaga kuchukua ndizi za kumpelekea mama mdogo, na mama akifika kwa watu hainuki haraka.

Marwa aliendesha mpaka machozi yakawa yananitoka kwa upepo. Kila nikiona watu wamekusanyika mbele kando ya barabara nilikuwa naitafuta gari yangu katikati yao. Mara ni mnada mdogo wa mbuzi, mara ni watu wanasubiri usafiri. Tulipokaribia Nyamwaga kulikuwa na lori limeegemea mtaro, watu wengi wamelizunguka. Nilifumba macho. Marwa akasema tu, "Si ya kwako." Tukapita.

Pale nikamkumbuka Ghati, binti wa baba mdogo, anapika chakula kando ya barabara Nyangoto, karibu na mgodi. Nikampigia, nikapiga kelele juu ya upepo, "Ghati, ukiiona gari yangu isimamishe. Kaa katikati ya barabara ikibidi."

"Kaka, mbona wamepita sasa hivi. Mama amenipungia mkono."

"Sasa hivi lini?"

"Sasa hivi. Vumbi lao bado lipo hapa."

Tulimpita Ghati amesimama barabarani na mwiko mkononi, anatuonyesha mbele, kama vile tungekosea njia.

Mbele ya Nyangoto tuliiona. Inakwenda, ina vumbi nyuma, buti limeinama kwa uzito wa ndizi. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Vumbi lilikuwa linatuingia puani, nikapandisha mask. Marwa akasogea. Nikaanza kupunga mkono wenye glove nyekundu.

Ndipo gari ikaongeza mwendo.

Wakuu, jiwekeni kwenye nafasi ya Mwita. Uko sehemu ya machimbo, umembeba mama yako na mtoto mchanga. Kwenye kioo unaona pikipiki ya watu wawili inakuja kasi. Wa nyuma amefunika uso, mkono mmoja mwekundu, anakupungia usimame. Wewe ungesimama?

Marwa naye akaongeza. Mwita akaongeza tena. Niliona gurudumu la mbele kushoto linaruka kwenye mashimo na kutua. Kila likitua nilikuwa nasikia kwenye meno yangu. Nilikuja kuwaokoa, sasa mimi ndiye ninayewakimbiza kuelekea mteremkoni.

Nikavua mask. Haikusaidia, vumbi lilikuwa limenipaka uso wote.

"Punguza," nikamwambia Marwa.

"Tunawaacha?"

"Punguza, mura. Tukimfukuza anakimbia zaidi."

Akapunguza mpaka akasimama. Gari ikaingia kwenye kona ikapotea. Sijawahi kufanya kitu kigumu kama kile, kukaa nyuma ya pikipiki iliyosimama huku watu wangu wote wanatokomea mbele ya macho yangu, kwa amri yangu mwenyewe.

Nikatoa simu. Network ilikuwa vijiti viwili. Nikampigia mama.

Akapokea. Safari hii sikumwamkia. Niliacha Kiswahili, nikamwambia kwa Kikurya kwamba gurudumu limepasuka, wasimame, na wale wa pikipiki ni mimi.

Hakuniuliza kitu. Nilimsikia tu akimgeukia Mwita kwa ile sauti aliyokuwa akituitia tulipokuwa watoto, ng'ombe wakiingia shamba la mtu. Simu ikakata.

Tukasikiliza. Hakuna kitu, upepo tu na mashine za mgodi kwa mbali.

Marwa akawasha pikipiki taratibu, tukaingia kwenye kona.

Gari ilikuwa pembeni ya barabara, milango yote wazi, ukingoni kabisa pale barabara inapoanza kushuka. Mama amesimama nje, amempakata mtoto. Achieng kashikilia mlango. Mwita yuko katikati ya barabara na spana ya magurudumu mkononi, anatusubiri.

Aliponitambua aliishusha ile spana, akachuchumaa pale pale.

"Nilidhani mnatuua," akasema.

Nilienda kwenye gurudumu la mbele kushoto, nikalala chini. Lilikuwa linapumua. Nikachukua chupa ya maji ya Achieng nikamwagia upande wa ndani, mapovu yakatoka kwenye mstari mrefu kama kidole changu. Tulipolifungua tukakuta putty imedondoka na mshono umeanza kuachia.

Mwita akasema usukani ulikuwa unatetemeka tangu Nyamwaga. Alidhani ni barabara.

Mama alishika ile rimu, akaigeuza, akaniuliza, "Hii ndiyo ulikuwa unaisugua jana?"

"Nyingine, mama. Lakini ni ndugu yake."

Achieng alimchukua mtoto, akaenda kukaa juu ya jiwe, akamnyonyesha akiwa ametupa mgongo. Nikamfuata, nikakaa pembeni.

"Ulizifunga ili gari ipendeze," akasema. Hakuwa ananiuliza.



Marwa alirudi Tarime akaleta rimu zangu za zamani za chuma, zilikuwa stoo na tairi zake. Alizifunga nyuma ya pikipiki, mtu angeweza kudhani anahama nazo. Jua likiwa limeanza kulegea walishuka mpaka mtoni na kuvuka, mimi nikiwa nyuma yao kwa pikipiki mpaka ng'ambo. Mugumu walifika salama. Kipaimara walikiwahi.

Kazini nilipewa onyo kwa kukosa zamu. Nililipokea vizuri tu.

Wiki iliyofuata nikamenya zile zilizobaki, pande zote mbili. Kati ya nne, nzima ilikuwa moja.

Nikazibeba mpaka Sirari. Yule jamaa alizitazama, hata hakushtuka.

"Rudisha tu, bro. Nitakupatia zingine."

"Na hizi utazifanyia nini?"

"Hizi zitapata mtu."

Alisema hivyo huku anazipokea, kama mtu anayepokea chupa tupu za soda. Pembeni yake kulikuwa na kaka mmoja anachagua rimu, kaacha gari yake imewaka barabarani, ndani kuna mama na watoto wawili wanakula mahindi.

Nikazichukua mkononi mwake. Akaniuliza kama nimekasirika. Nikamwonyesha yule kaka ule ufa, nikamwambia aguse kwa ukucha. Akagusa. Akarudi kwenye gari yake bila kuaga mtu.

Rimu zile nilizipeleka kwa fundi wa kuchomelea hapa mjini, nikaazima grinder, nikazikata vipande mimi mwenyewe. Alitaka kunisaidia nikakataa. Hakuna atakayezipaka rangi tena.

Nilichojifunza ni hiki. Rimu ya mtumba iliyopakwa rangi mpya usiifunge kabla hujaiona ikiwa tupu, hasa upande wa ndani ambao hakuna anayeutazama. Kumenya rangi kunakula siku moja tu ya mapumziko yako. Na usukani ukianza kutetemeka simama, usiisingizie barabara.

Kama unazo tayari kwenye gari, kesho kabla hujawapakia watoto, chuchumaa upitishe mkono huko nyuma. Ukikuta sehemu ina bonde au kinundu, gari ibaki nyumbani.

Mliowahi kukutana na rimu za hivi, au mafundi mnaojua namna nyingine ya kugundua ufa bila kumenya rangi yote, wekeni hapa chini wengine wasome. Hata wa kunisema kwa kuifukuza familia yangu na mask usoni, karibuni, nimeshasemwa na mama.