Majina Yaliyokatwa kwenye Rumba ya Jenerali

Lukombo Nsimba, mwanamuziki anayejiita Jenerali wa Machozi ingawa jeshi lake ni mpiga gitaa mmoja na mpiga ngoma wa kuazima, aliingia soko la Gambela kuwasaka wezi. Albamu yake mpya ilikuwa imedoda, na kama mwanamuziki yeyote wa Kinshasa aliyedodewa, alikuwa na hakika kwamba kosa si lake. Ni la wanaodurufu CD zake na kuziuza kwa bei ya chee.

Kwamba wimbo wake mkuu ulikuwa na mistari michache ya mapenzi na majina ya kujaza basi ya matajiri waliolipia kutajwa, hilo hakuliona kuwa tatizo. Papa Tshibangu, mzee muuza saruji, alitajwa hata katikati ya busu. Ndiye aliyegharamia studio, na ndiye angegharamia albamu ijayo, mradi asikie jina lake likivuma sokoni.

Mwizi alimpata upesi: Ekila, mama mnene mwenye meza ya CD na spika kubwa. Wimbo ulikuwa ukipigwa. Lukombo alikunja ngumi, kisha ikajikunjua yenyewe. Gitaa lilikuwa likilia bila kukatizwa, na sauti yake mwenyewe ikipita juu yake, safi kama mtu aliyetoka kuoga. Wateja walikuwa wakikata viuno.

"Majina ya matajiri yamekwenda wapi?" Lukombo alimwuliza.

"Nimeyafyeka, Papa. Ile ya dukani nani anunue? Mtu anataka kucheza, wewe unamwitia mahudhurio."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Jenerali. Si ndiye wewe hapa kwenye jalada? Ila hapa una nywele."

"Na albamu yangu ya kwanza, uliifyeka wapi?"

"Ile sikuigusa. Wakati ule ulikuwa unaimba."

Simu ikaita. Papa Tshibangu. "Jenerali, nina wageni hapa. Hebu wasikie ninavyotajwa sokoni."

Lukombo aliisogeza simu kwenye spika. Pengo la jina angeliziba mwenyewe kwa kuliimba. Koo lake halijawahi kumwangusha mbele ya tajiri. Akafungua mdomo. Gitaa likapanda, na kilichomtoka kikawa kiitikio.

"Jenerali, jina langu?"

"Wamelikata, Papa. Na kusema kweli, wimbo umepona."

Simu ikakatwa, na albamu ijayo ikaenda nayo. Lukombo aliirudisha simu mfukoni, akainamia meza.

"Nipe na mimi moja," alimwambia Ekila. "Niliyo nayo nyumbani ni mbovu."