Kanisa la Ngoma Ng'ambo ya Bonde

Harufu ya nyasi mbichi zilizotandazwa sakafuni hunirudisha Kaisho hadi leo, kwa mama mdogo, nilikopelekwa kutoka Ihembe baada ya mama kufariki. Nilikuwa msichana wa miaka minane hivi. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa siku ile ile, wala sikulalamika, maana shambani angalau migomba haikuniuliza mbona sili.

Mama mdogo hakulitaja jina la dada yake hata mara moja. Hilo, ndugu zangu, liliniumiza kuliko jembe. Mama alikuwa mwimbaji. Alimenya ndizi akiimba, na akiishiwa maneno alijitungia. Sasa sauti yake ilikuwa ikinitoka akilini. Nilikaa na kisu changu nikiitafuta. Maneno nayapata, sauti siipati.

Kila Jumapili tulikwenda kwenye nyumba ya sala ya jirani. Huko waliimba kutoka kitabuni, polepole, nyimbo zilizokuja na Wazungu, mikono imetulia mapajani. Mama mdogo alizipenda mno. Mimi nilisinzia.

Jumapili moja, kabla ya sala, nilitumwa maji, nikasikia ngoma ng'ambo ya bonde. Kwetu ngoma kubwa ilikuwa ya mfalme. Nikaacha kibuyu pale pale, nikavuka mbio hadi kwenye banda la nyasi, nikapiga magoti mlangoni kama mama alivyonifundisha, nikapaza sauti kwa salamu ya mfalme: "Kaboneka waitu!"

Ngoma ikakatika. Watu wakanitazama, kisha wakaangua kicheko. Mwalimu wao, mtu mwembamba mwenye kanzu ya viraka, akaja kunishika mkono.

"Inuka, mwanangu. Mfalme hayupo hapa. Tunasali tu."

Aibu niliyoiona siku ile! Lakini wakaanza tena, kwa ngoma, manyanga na makofi. Mwanamke mmoja alianzisha, wengine wakaitikia, na wimbo wenyewe ulikuwa ule ule wa mama wa kumenyea ndizi. Walikuwa wamebadilisha maneno tu, wakamtia Yesu. Nikalia, mara ya kwanza tangu mazishi, na hakuna aliyeninyamazisha.

Nilipogeuka nilimwona mama mdogo nje, kwenye migomba. Alikuwa amenifuata, na sasa amesimama ameziba masikio kwa viganja.

"Twende nyumbani," alisema.

Alinikataza kurudi pale, nami nikamchukia miaka mingi. Niliamini anamwonea mama wivu hata kaburini.

Nimekuwa mtu mzima, nimemzika na yeye, ndipo nikamwelewa. Alizipenda zile nyimbo za kitabuni kwa sababu hapakuwa na hata mmoja aliowahi kuuimba dada yake. Tulimlilia mtu mmoja, chini ya paa moja, na hatukuwahi kulia pamoja.