Mshika Kamba Wangu

Barua ilikuja kwenye bahasha ya kaki, na mimi bahasha ya kaki siipendi. Mara ya mwisho chama chetu cha mafundi visima kunitumia ya namna hiyo ilikuwa kuniambia kwamba lalamiko langu limesomwa, limejadiliwa na limefungwa. Kwa hiyo hii niliiweka juu ya kabati la vyombo, ikakaa siku mbili. Mke wangu alikuwa anafuta vumbi pembeni yake, yenyewe haigusi.

Siku ya tatu nikaifungua. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na neno siliruki. Waliosoma sana wanaruka maneno, ndiyo maana wanasainishwa vitu. Barua ilisema kamati imeona ninafaa kupewa daraja la Fundi Mwandamizi wa Heshima, ambalo juu yake hakuna lingine kwenye chama, kwa ajili ya miaka yangu ya kazi na kwa ujasiri niliouonyesha katika tukio la Kasansa. Chini kulikuwa na saini ya mwenyekiti na muhuri.

Hapo kwenye tukio la Kasansa kidole kilisimama. Miaka sita nikitaja Kasansa mkutanoni naambiwa nikae chini. Leo wanaitaja wenyewe, tena kwa muhuri. Nikamwambia mke wangu hawa watu wanataka kitu. Akasema hata yeye anaona hivyo, ila tusubiri tuone ni nini.

Nieleze ya Kasansa, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka.

Tulikuwa watatu kwenye kisima kile. Mimi chini nachimba. Juu kwenye winchi ya mti walikuwa wawili: shemeji yangu, mdogo wake mke wangu wa kumfuatia, na fundi mkubwa wa kazi, ambaye ndiye mwenyekiti wetu leo. Majina sitaandika, nimekatazwa na watoto wangu, lakini vyeo havifichiki. Udongo wa pale juu ni mweusi, unashika vizuri. Ukipita futi ishirini na kidogo unaingia kwenye mchanga mweupe, na mchanga ule bila kuushushia pete za zege haukai. Nilisema. Shemeji naye alisema. Fundi mkubwa akatujibu kwamba pete zinakuja kesho, tusogeze kidogo tu.

Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Nikasikia ukutani sauti kama mtu anamimina mpunga kwenye gunia. Nikaweka mguu kwenye kitanzi cha kamba, nikavuta mara tatu, ndiyo ishara yetu ya kusema nitoeni. Winchi ile inataka watu wawili, mtu mmoja hawezi kumtoa mtu. Na sheria yetu ya kwanza, unayofundishwa hata kabla ya kushika sururu, ni kwamba mkono hautoki kwenye kamba mpaka aliye chini awe amekanyaga juu. Simu ya fundi mkubwa ikalia. Kisima kinabeba sauti vizuri kuliko redio. Nilimsikia akisema haloo, ngoja nisogee kwenye mtandao, halafu nikasikia viatu vyake vinaondoka.

Shemeji akabaki peke yake. Mkono wa winchi ukamshinda, akaitoa kamba kwenye gogo la kuzungushia, akajifunga kiunoni, akawa anarudi nyuma kwa miguu, ananivuta kama ng'ombe anavyovuta jembe. Nilipanda hivyo, hatua kwa hatua. Nilipotoa kichwa nikalikumbatia gogo la winchi, na mguu ukatoka kwenye kitanzi. Yeye aliponiona akakimbia kuja kunipa mkono. Mdomo wa kisima ukakatika upande wake.

Tulimtoa kesho yake. Bega langu la kushoto mpaka leo halinyanyui ndoo.

Sasa chama kina daftari moja kubwa la jalada jekundu. Kila kitu kinaandikwa humo kwa kalamu ya wino, kinasomwa kwa sauti mbele ya wanachama, na kikishasomwa hakifutwi. Taarifa ya kifo iliandikwa na fundi mkubwa mwenyewe. Inasema marehemu alifariki kwa uzembe wake, alijifunga kamba kiunoni kinyume cha kanuni. Basi. Simu haimo. Pete za zege hazimo. Mke wangu alikuwepo iliposomwa. Alirudi kwao Kasansa akamwambia mama yake kwamba imeandikwa ni ajali, na tangu siku hiyo anadanganya kila akienda. Nilipopeleka lalamiko, kamati iliniuliza shahidi wangu ni nani. Nikasema mimi nilikuwepo. Wakasema wewe ndiye mlalamikaji, huwezi kuwa shahidi wako mwenyewe. Ndiyo hiyo bahasha ya kaki ya kwanza.

Wiki moja baada ya barua hii ya pili, mwenyekiti alikuja kwangu Kakese kwa pikipiki. Alileta sukari kilo mbili na sabuni ya mche. Mtu hajawahi kufika kwangu hata siku ya matanga, leo ananiuliza mahindi yangu yakoje. Alimsalimia mke wangu "shikamoo dada" mara mbili, wakati yeye ndiye mkubwa. Mke wangu akaitikia mara moja, akaingia ndani na sukari ikabaki kwenye benchi.

Tukakaa. Akazunguka weee, mvua, mpunga wa Majimoto, barabara. Mwisho akafika.

"Si unaijua ile desturi ya kamba, fundi wangu?"

Naijua. Fundi akipewa heshima hiyo anafungwa kamba mpya kiunoni, anavishwa kofia ngumu nyeupe, halafu anaulizwa mbele ya watu: nani alishika kamba yako? Anamtaja mtu mmoja. Aliyetajwa anakuja kusimama nyuma yake, anashika ncha ya kamba, na majina yote mawili yanaandikwa kwenye daftari jekundu mstari mmoja. Wapo mafundi wazee waliolia hapo, kwa kuwa ukitajwa umesafishwa. Hakuna anayeweza kusema wewe ni mtu wa kuachia kamba.

"Naijua," nikasema.

"Basi mimi nafikiri tumetoka mbali mimi na wewe. Wakisikia umenitaja mimi, yale maneno ya mitaani yanaisha. Kila mtu anapumua."

"Nani amebanwa pumzi?"

Akacheka. Akasema we bwana hujaacha tu utani wako. Halafu akaeleza, kwa kuzunguka tena, kwamba anagombea uongozi wa kanda, na huko kanda kuna mtu ameuliza habari za Kasansa. Nikaona mzizi wa hiyo barua. Hawakuwa wananipa heshima. Walikuwa wanakuja kuazima mdomo wangu.

Alipoondoka mke wangu akatoka. Nilifikiri atafoka. Aliiangalia ile sukari tu.

"Ukimtaja huyo," akasema, "hiyo kofia ulale nayo hukohuko Mpanda kwenye chama chenu."

Nikamwambia nitakataa barua. Akasema ukikataa wataandika umeona aibu, halafu tutakuwa na mistari miwili mibaya kwenye daftari badala ya mmoja. Hapo alisema kweli. Kulala sikulala vizuri siku hizo. Kila mtu niliyekutana naye nilimpima. Katibu wa chama alinipigia kuuliza saizi ya kofia. Nikajiuliza anataka saizi ya kofia au anataka kujua kama nakuja. Fundi mzee wa Kasansa, ambaye ndiye alinifundisha kazi, alinitumia salamu za pongezi, na hata yeye nikamshuku. Nimekuwa mtu wa hivyo. Sikuzaliwa hivi.

Kilichonisaidia ni hasira ya zamani. Kila mkutano mkuu katibu anaita majina ya wanachama. Mwaka jana kwa masikio yangu nilisikia anaita jina la shemeji yangu. Katibu hakuinua hata uso, akasema "ana udhuru," akaita jina linalofuata. Watu wengine wanne waliolala makaburini nao walikuwa na udhuru. Nilipouliza nje, mzee wa Kasansa akaniambia sababu: wajumbe wa kanda wanahesabiwa kwa idadi ya wanachama. Wafu wakifutwa, chama chetu kinapoteza mjumbe, na mjumbe mwenyewe ni mwenyekiti. Siku ile nilitaka kupiga mtu. Sasa nikaanza kuifikiria kwa utulivu. Mke wangu sikumwambia. Nilimwambia tu avae vizuri, tunakwenda wote.

Ukumbi walikodi pale Mpanda mjini, viti vya plastiki, keki imefunikwa na karatasi ya nailoni. Mwenyekiti alivaa suti na kiti chake alikisogeza mpaka karibu na kapeti ninaposimama, ili asihangaike kutembea. Mke wangu alikaa nyuma na wake wa mafundi. Walinifunga kamba ya katani mpya, ngumu, ikanichoma kiunoni kupitia shati, nikamuwaza shemeji, aliyejifunga yake bila shati. Wakanivisha kofia. Ilinibana. Kumbe saizi hata hawakuiandika.

Katibu akafungua daftari jekundu, akaondoa kifuniko cha kalamu, akauliza lile swali.

Nikamtaja shemeji yangu. Jina lake lote, na la baba yake.

Mwenyekiti alikuwa ameshainuka nusu. Nafikiri masikio yake yalichelewa. Alikuja akainama akaiokota ncha ya kamba, na tabasamu lake bado liko usoni.

Nikageuka. "Iweke chini," nikamwambia. "Unajua kuiweka."

Sikusema kwa sauti kubwa, lakini ukumbi ulisikia. Kamba ikarudi kwenye kapeti. Katibu akakohoa, akasema samahani fundi, mtajwa lazima awe mwanachama, na huyo uliyemtaja ni marehemu.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Unajua mwenyewe, fundi. Miaka sita."

"Mwaka jana kwenye mkutano ulisema ana udhuru. Nimekaa nasubiri apone."

Kuna watu walicheka na kuna watu waliangalia miguu yao. Katibu akamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akaangalia keki. Nikaona wanapiga hesabu wote wawili: wakisema hayumo kwenye orodha, na wale wanne hawamo, na mjumbe wa kanda hayumo. Hawakuwa na pa kutokea, na shimo walilichimba wenyewe, hata pete hawakuweka.

Mzee wa Kasansa, niliyemshuku bure, akaongea akiwa amekaa. "Nyie vijana, kanuni ya chama inasemaje mtu akiwa na udhuru?"

Akajijibu mwenyewe.

"Inasema anawakilishwa na ndugu. Basi. Ndugu yake yupo?"

Nikasikia kiti cha plastiki kinaburuzwa nyuma. Sikugeuka. Nilisikia tu hatua za mke wangu, halafu kamba ikakaza kidogo kiunoni, taratibu, kama mtu anajaribu uzito kabla ya kuvuta.

"Andika," mzee akamwambia katibu.

Katibu aliandika. Mwandiko ulikuwa mbaya lakini aliandika, na desturi ilimlazimu asome: jina langu, Fundi Mwandamizi wa Heshima, mshika kamba, jina la shemeji yangu, mwanachama. Walipiga makofi, wengine kwa moyo, wengine kwa kuwa wenzao wanapiga. Keki hatukula. Ijumaa iliyofuata mke wangu alikwenda Kasansa kwa mama yake, na aliporudi nilimuuliza amemwambia nini. Alisema amemwambia imeandikwa. Sikuuliza zaidi.

Mwenyekiti bado ni mwenyekiti, nisimdanganye mtu. Kanda hakupata, lakini sijui kama ni kwa sababu yangu; huko nako wana mambo yao. Na ule mstari wa uzembe haukufutwa, upo palepale kurasa za nyuma, maana daftari halifutwi. Anayetaka kujua habari za Kasansa atakuta pande zote mbili na achague.

Ila karatasi hata isipofutwa inaweza kuchanwa. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nashuka Mpanda, naingia ofisini, naomba daftari. Mwandamizi wa Heshima hanyimwi, hiyo wameiandika wenyewe. Nafungua, naweka kidole, nasoma mstari wangu na wa shemeji, halafu narudi mwanzo kabisa wa daftari. Mwezi uliopita katibu akachoka kunisubiri, akaniuliza, mzee wangu, sasa huko mbele unatafuta nini.

Nikamwambia nahesabu kurasa.