Safari ya Kuzmich Iliyoishia Dirishani

Vsevolod Kuzmich Ryabinin, jirani yangu wa mlango kwa mlango katika mji wetu wa wanaanga nje ya Moscow, alingoja zamu ya kuruka mpaka nywele zikamwisha kichwani. Kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa mtu wa akiba. Aliwasindikiza wenzake hadi chini ya roketi, akawapungia mkono, akarudi nyumbani kula viazi.

Mkewe, Kapitolina, hakuwa na subira yake.

"Wewe Seva ni bibi harusi wa namna gani?" alimwambia siku moja mbele yangu, akimwita kwa jina lake la nyumbani. "Kila mwaka gauni unalo, bwana harusi haonekani!"

"Atakuja tu, Kapa. Sina haraka."

Ndipo kituo chetu cha angani, Zarnitsa, kikaanza kuugua. Bomba la kupozea lilipasuka, joto likapanda, na wanaume wawili waliokuwa humo wakawa wanapumua hewa nzito yenye harufu ya dawa. Kuzmich alilijua bomba lile. Ndani ya bwawa la mazoezi, ambamo maji humwelesha mtu kama angani, alikuwa amelifungua na kulifunga hata akaliota. Safari hii wakamteua yeye kuwa mhandisi, chini ya kamanda aliyekuwa mdogo kwake kwa mbali, Demyan Gorlov. Wapeleke vipuri na chakula, walitengeneze bomba, wawapumzishe wale wawili.

Siku ya kuondoka tuliketi kimya kidogo kabla hajatoka mlangoni, kama ilivyo desturi. Kapitolina akamtia mfukoni vitunguu vya bustanini kwake.

"Wape wale wawili. Watakuwa wameshasahau harufu ya udongo."

Roketi ilipaa vizuri. Yaliyofuata nilisimuliwa na Kuzmich mwenyewe, mara moja tu, jikoni kwao. Walipoanza kukisogelea kituo, antena ya kupimia umbali ilikataa kufunguka, na bila hiyo chombo hakijui kiko karibu au mbali. Waongozaji wa ardhini wakamruhusu Gorlov ajaribu kwa macho.

Kituo kilitokea dirishani kama nyota, kikakua, kikawa kikubwa kama nyumba. Kuzmich aliyaona mabawa yake ya kunasa umeme wa jua, akaona na doa jeusi pale bomba lilipovuja. Redioni ikaingia sauti ya Lukyan, mmoja wa wale wawili.

"Kuzmich! Nakuona, mzee! Upara wako unang'aa mpaka huku!"

"Basi fungua mlango, vitunguu vinaninyaukia."

"Vitunguu? Usinitanie bwana, nitalia."

Hapo wakaingia upande wa dunia wenye usiku. Taa ya chombo ilimulika ukingo tu wa kituo.

"Demyan, tunakwenda mbio," Kuzmich alisema.

"Naona."

"Huoni! Hata mimi sioni. Kwepa!"

Gorlov akakwepa. Bawa la kituo likapita ubavuni mwao, karibu mno. Jua lilipochomoza walikuwa mbali. Wakajaribu tena, wakakikosa tena. Mafuta yaliyobaki yakawa ya kurudia nyumbani tu.

"Tupeni nafasi moja," Kuzmich aliomba. "Moja tu, jamani."

"Tukikupa hiyo, Kuzmich, hamtashuka tena," wa ardhini wakamjibu.

Lukyan alikuwa akisikiliza yote. "Nendeni, ndugu zangu," alisema. "Vitunguu mle nyinyi."

Walitua nyikani Kazakhstan, kwenye theluji. Mchunga mifugo aliyekuwa juu ya farasi aliwafikia kabla ya helikopta, akawauliza kama wametoka kituoni.

"Tumetoka kukitazama," Kuzmich akamwambia.

Haikupatikana roketi nyingine kwa wakati. Wale wawili walizima taa za kituo, wakateremka na chombo chao wenyewe. Zarnitsa ikabaki ikizunguka tupu mpaka ikaangukia baharini. Tume ya uchunguzi ikasema kosa ni la antena, si la mtu. Gorlov alipewa safari nyingine. Kuzmich madaktari walimwambia umri umempita.

Majirani tulimpa pole, na naamini pole zetu zilimuumiza kuliko kejeli.

"Si umeruka, Seva?" Kapitolina alimbembeleza. "Si ndicho ulichokitaka?"

"Nilitaka kufika."

Tangu hapo hakuwasindikiza tena wanaoruka. Redio ikitaja anga, aliizima. Mkewe alizoea kula peke yake, mumewe akiwa amegeukia ukuta.

Lukyan alikuja kumtembelea majira ya kuchimba viazi, na chupa mkononi. Nilikuwepo. Walizungumza habari za magoti na bei ya makaa, kisha Lukyan akainua glasi.

"Asante, Kuzmich."

"Kwa lipi?"

Lukyan aliishusha glasi bila kunywa, akatazama nje, akasema mvua itanyesha.