Karatasi ya Mandazi na Maji Moto ya Pemba

Niliondoka nyumbani Kilibula, mtaa wa Uvira, nikitafuta mtu wa kunikatalia. Wengine husafiri kwenda kuomba ili wapewe. Mimi nilikwenda kuomba ninyimwe, na mlango wa kubisha niliujua vizuri.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya kwetu huku Uvira. Kaka yangu, aliyekuwa amekwisha kuvuka ziwa na kukaa Kigoma, alituma ujumbe kupitia mfanyabiashara mmoja wa mashua. Alisema binti yetu Neema apelekwe kwake, shule ipo, mashua itatoka Kalundu Jumapili. Neema alikuwa na miaka kumi na mitano. Hapa Uvira msichana wa umri ule hakuweza tena kushuka kuchota maji bila basoda, yaani askari, kumwita. Mume wangu hakusema ndiyo wala hapana. Alisema mtoto wake havuki ziwa bila neno la dada yake mkubwa, Mama Sifa, anayekaa Pemba, kijiji cha ufukweni kusini mwa Uvira. Kwetu shangazi ana neno juu ya watoto wa kaka yake, na siku hiyo niliipenda mila hiyo kuliko zote.

Maana Mama Sifa alikuwa hajawahi kuachia kitu. Alikuwa na mbuzi kilema aliyekataa kumuuza mpaka mbuzi akafa kwa uzee. Sufuria niliyomwazima mwaka nilioolewa ilikuwa bado jikoni kwake, na kila nikiitaja alinikaribisha chakula kilichopikwa ndani yake. Mtu wa namna hiyo ataachia mtoto? Atakataa, nilijiambia, na Neema atabaki nami, na hakuna atakayesema ni mimi niliyemzuia. Mume wangu hakuweza kwenda mwenyewe, kwa kuwa mwanaume aliyepita kwenye vizuizi alirudishwa nyuma na sanduku la risasi kichwani. Basi nikajifunga kitenge nikaenda.

Asubuhi, Mulongwe. Mto ulikuwa umefurika juma lile na soko lilikuwa limehamia palipokauka, watu wakiuza na miguu kwenye tope. Nilinunua mandazi ya njiani. Mama muuzaji aliyafunga katika ukurasa wa jarida la Kifaransa, na hapo ndipo yalipoanzia mambo yote, kwa sababu mimi ni mwalimu wa biolojia na siwezi kuona karatasi yenye maandishi nikaiacha. Nilisoma nikitembea, nikamkanyaga bata wa watu, nikatukanwa kwa Kifuliiru.

Ukurasa ulieleza habari za wanyama wa chini kabisa ya bahari. Huko, mbali na jua, kuna mahali ambapo gesi huvuja kutoka ardhini, na kando yake huishi kome na minyoo wanaolishwa na vijidudu vinavyokula gesi hiyo. Mahali hapo ni pachache na pako mbali mbali, na katikati ni matope matupu yasiyo na chakula. Kome mkubwa akishajishika, hahami. Lakini wataalamu walipowapima kome wa huku na wa kule, waliwakuta ni ndugu. Wanaochukua undugu huo ni watoto. Kome huwaachia wangali wadogo kuliko chembe ya unga, mkondo wa maji unawabeba, wengine kwa miezi, mpaka wale wenye bahati wakute pengine panapovuja. Sentensi ya mwisho ilianza hivi: "Kati ya watoto wote walioachiwa, wanaofika ni..." Hapo mafuta yalikuwa yamekula maandishi, na chini ya mafuta karatasi ilikuwa imechanika.

Kalundu, kizuizi cha kwanza. Soda mmoja kijana, bunduki begani na kandambili miguuni, alinyoosha kidole.

"Mama, iko nini mu ile karatasi?"

"Mandazi," nikasema, "na habari ya kome wa baharini."

Alikagua vyote viwili kwa makini. Akachukua mandazi, akanirudishia elimu.

Kuanzia hapo ni miguu, ziwa kushoto na mlima kulia. Nilipofika Kigongo niliungana na wanawake wawili waliotoka kuuza mihogo. Penye miamba tulipumzika, tukawatazama samaki wadogo weusi wenye mkanda wa rangi ya machungwa wakila ukoga wa mawe. Niliwaeleza kwamba samaki hawa huwaweka watoto wao mdomoni, na hata wakikua hawavuki mchanga kwenda mwamba wa pili, ndiyo maana kila mwamba una rangi zake. Mmoja wa wale wanawake akauliza mama huyo anakulaje na mdomo umejaa watoto. Nikamjibu kwamba anakula kwa shida sana. Akanitazama usoni, akasema anamjua mama mwingine wa hivyo, na wote wawili wakacheka. Sikuwa nimewaambia chochote kuhusu Neema, lakini nadhani sura yangu ilikuwa imewaambia.

Pemba, jua likiwa linageukia mlimani. Pale ufukweni kuna maji moto yanayotoka ardhini, yananuka kama yai viza, na mbele kidogo ziwani unaona mapovu yakipanda bila kukoma. Nilimkuta Mama Sifa hapo akifua.

"Weye wifi," akasema bila kuinuka, "uko nakuja kuchukua sufuria?"

"Nimekuja kukusalimia tu."

"Basi sufuria iko salama."

Nyumbani kwake ukimya ulinishangaza. Nilimzoea Sifa, binti yake wa mwisho, akitoka mbio kunipokea mzigo. Niliuliza aliko.

"Nilimutuma," Mama Sifa akasema. "Bavuvi balikuwa banavuka na pirogi, nikamupandisha. Basoda balikuwa banapita hapa kila siku. Iko miezi mingi sasa, na habari hakuna."

Nilikaa chini. Mwanamke wa mbuzi kilema alikuwa amemwachia mtoto wake wa mwisho katika ziwa lote lile, na mimi nilikuwa nimekuja kwake kutafuta ugumu wa moyo. Nikafanya kile ambacho walimu hufanya wakikosa la kusema: nilifundisha. Nilikunjua karatasi yangu juu ya kinu nikamweleza habari za kome, huku ugali ukisongwa kwenye sufuria yangu. Niliijua kwa kiraka chake cha shaba pembeni, mahali mume wangu alipoitengeneza kwa misumari mitatu iliyopinda.

Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu.

"Na ile gesi ikikauka?"

"Wakubwa wote wa pale wanakufa," nikajibu kwa sauti ya ubaoni. "Hawawezi kuhama. Aliyewashika watoto wake pale pale, ukoo wake umekwisha. Aliyewaachia, ukoo wake uko mahali pengine. Na gesi ikianza kuvuja tena, watoto wa watoto wao ndio wanaorudi kujaza pale."

"Na batoto banajuaje pa kusimama? Maji yote si iko sawasawa?"

"Wanatambua dalili. Wakisikia kitu cha maji ya kwao, wanajishika."

Alinipakulia samaki na sombe ya majani ya muhogo, akanisubiri nijaze mdomo, ndipo akauliza, "Sasa weye umekuja kufanya nini?"

Nilimeza. Nikamwambia yote: kaka yangu, shule, mashua ya Jumapili, na kwamba neno ni lake. Mama Sifa aliweka sahani chini. Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Wifi. Umetembea tangu Uvira kuja kuniambia nikukatalie, na umefundisha somo nzima ya kukubali."

"Hilo ni somo la kome."

"Ndiyo. Kome iko na akili kukupita. Neema aende."

Hapo nililia. Nilimwambia wazi kwamba nilitaka aseme hapana, kwamba sijui nyumba yangu itakuwaje bila yule mtoto. Hakunicheka tena. Akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "Ile karatasi inasema banafika bangapi?"

Nilimwonyesha mahali penye mafuta na palipochanika. Alipashika kwa kidole chake kinene, akakaa hivyo muda, kama mtu anayeweza kusoma akijaribu zaidi.

"Basi," akasema, "tutabahesabu bakirudi."

Asubuhi, kuondoka. Mama Sifa alinisindikiza mpaka maji moto, akafungua kitenge alichobeba, na ndani mlikuwa na sufuria yangu, imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa. Nilifikiri ni mgonjwa.

"Hii si ya weye," akasema. "Iko ya Neema. Apikie mule, mbele ya bantu. Sifa amekula mu hii sufuria tangu meno ya kwanza. Anajua kile kiraka."

Njiani niliibeba kichwani. Kalundu yule soda kijana alifunua kifuniko, akaona patupu, akaniuliza kwa masikitiko mandazi yako wapi. Nikamjibu kwamba hilo ni yeye ajiulize, na akaniacha nipite.

Jumapili, bandarini. Neema alipanda na nguo zake, daftari zake na sufuria. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya mama, lakini yaliyotoka yalikuwa haya tu: pika nje, usipikie ndani. Alidhani naogopa moshi. Mashua ilipogeuka nilisimama pale hadi mume wangu aliponishika mkono. Niliumia, na sioni haja ya kulipamba jambo hilo.

Kigoma sikuwahi kufika mimi, kwa hiyo sehemu hii naisimulia kama Neema alivyonisimulia. Mke wa kaka yangu alikuwa akiuza maharage sokoni siku ambazo watu wa kambi ya wakimbizi waliruhusiwa kuja kununua, na Neema aliyapika hapo hapo ndani ya sufuria ile. Siku moja mwanamke kijana mwenye mimba alisimama mbele ya jiko, akagusa kiraka cha shaba akaungua kidole, kisha akauliza kwa hasira nani ameiba sufuria ya mama yake.

Safari ya mwisho niliifanya baada ya vita kutulia, miaka kadhaa ikiwa imepita. Njia ilikuwa ile ile, Kalundu bila kizuizi, Kigongo, miamba, na safari hii Neema alikuwa mbele yangu, anatembea kama mtu wa ng'ambo na anasema Kiswahili cha ng'ambo ambacho wauza mihogo walikicheka. Mgongoni alibeba mtoto wa kike. Sifa alikuwa ameolewa huko na hakurudi, lakini alimtuma binti yake wa kwanza aje kulelewa na bibi yake, kama ilivyo kwetu.

Pemba nyumba nyingi zilikuwa zimebaki kuta. Mama Sifa alikuwa pale pale kwenye maji moto, amekonda, anafua. Neema alimshusha mtoto. Mtoto alinusa ile harufu ya yai viza, akakunja pua, kisha akatia mguu majini na hakutaka kutoka. Paji lake la uso lilikuwa la Sifa, hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Mama Sifa alimtazama kwa muda mrefu. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

"Mama Neema," akaniambia, "andika mu ile karatasi yako, pale penye mafuta. Andika: babili."

Kisha akaipekua mizigo yetu kwa macho, mmoja baada ya mwingine.

"Na sufuria yangu iko wapi?"