Kisu Mkobani mwa Mchumba

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya ukaguzi, mlangoni mwa hoteli moja ya Rebero. Mbele yangu kijana alikuwa akimtambulisha mchumba wake kwa mama yake, mara yao ya kwanza kuonana. Mlinzi akafungua mkoba wa binti, akatoa kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe ya ng'ombe.

"Iko kisu humu. Ni ya nani?"

"Changu," akajibu binti kwa lafudhi ya Tanga.

Kijana akatazama viatu vyake. Mama akaukumbatia mkoba wake kifuani.

"Unatembea na kisu, binti yangu?"

"Kila siku, mama. Ninakusanya visu vya kienyeji, na kila asubuhi nachagua kimoja."

"Cha kumkata nani?"

"Simkati mtu, mama. Nakatia chungwa, kamba, uzi." Akamsogelea na kushusha sauti, ila nilisikia. "Hata lebo. Yako inaning'inia shingoni. Niikate?"

Mama akapapasa ukosi wa gauni lake jipya, akaikuta. Akaangaza huku na huku, kisha akainamisha kichwa. Mlinzi akaridhia. Binti akaikata lebo taratibu, akakikunja kisu na kukirudisha kwenye meza ya mlinzi.

"Kitunze vizuri," mama akamwambia mlinzi. "Cha mkwe wangu hicho."

Mimi nilifundishwa kwamba binti anayekwenda kutambulishwa hujificha kidogo. Huyu hakuficha kitu, na chakula kilikuwa hakijaagizwa alipoitwa mkwe.